MASHAURI KWA WAZAZI: Mtoto Aliyerudishwa Toka Chuoni



Mama mmoja wa upande wa Maruku atuletea swali ambalo, tukiliangalia vema, si lake peke yake. Mwanawe yu mwaka wa pili katika chuo kikuu. Alikuja nyumbani akasema ni likizo. Likizo ikaisha, wenzake wa kijijini wakapanda basi kurudi, yeye akabaki. Mchana kutwa yu chumbani na simu yake. Jumapili akiitwa kwenda Misani husema kichwa chamwuma. Siku moja mama akifua nguo zake akakuta mfukoni barua ya chuo, tena ya Kiingereza. Alichoweza kuelewa ni kwamba kijana hakufaulu. Baba hajui. Naye baba huyo aliuza kahawa yake kwa butura, ingali maua mtini, apate nauli na pesa ya chumba cha mtoto. Basi mama auliza: nimwambie baba yake, au ninyamaze mpaka mtoto apate njia ya kurudi?

Jibu letu ni hili: Mama, baba na ajue, wala usikawie. Lakini usimwendee kwa siri, maana kijana ataona umemchongea. Mpe siku mbili aseme mwenyewe kwa kinywa chake, nawe umeketi karibu. Akishindwa, sema wewe, naye awepo.

Haraka hii yatoka wapi? Yatoka katika barua yenyewe. Barua za vyuo zina tarehe: tarehe ya mtihani wa marudio, tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, tarehe ya kujiandikisha. Kijana aweza kuanguka mtihani, kisha akasimama tena. Lakini akijificha mpaka tarehe hizo zipite, mlango uliokuwa wazi hufungwa, na hapo hata chozi la mama haliufungui. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

BARUA YASEMA NINI?

Jambo la kwanza basi ni kuisoma barua mpaka mwisho. Kama nyumbani hakuna ajuaye Kiingereza sawasawa, mpelekeeni mwalimu, katekista au Paroko, mtu asiyetangaza mambo ya watu. Wazazi wengi wakisikia "amerudishwa" hufikiri ni neno moja. Sivyo, yapo mambo manne, na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni mtihani wa marudio, ambao vijana huuita sapu. Huyu ameanguka somo moja au mawili, naye apewa nafasi ya kuyafanya tena. Huyu hana sababu ya kulia. Ana sababu ya kusoma.

La pili ni kuendelea kwa masharti, au kurudia mwaka au masomo aliyoanguka. Chuo chamwambia: bado tunakuhesabu kuwa wetu, lakini tunakutazama. Katika vyuo vyetu vikuu wastani wa alama, uitwao GPA, huhesabiwa mpaka 5, na mara nyingi 2 ndiyo mstari wa chini. Aliye karibu na mstari huo yu kama mtu apitaye ukingoni mwa mto wakati wa masika: aweza kupita, ila asicheze.

La tatu ni kusimamishwa kwa muda, kwa sababu ya mwenendo au kosa la mtihani. Huyu ana siku ya kurudi au siku ya kujitetea mbele ya baraza la chuo. Asiitwe amefukuzwa wakati chuo hakijasema hivyo.

La nne ni kuachishwa masomo, ambako vijana hukuita kudisko. Hili ndilo zito. Hata hivyo huyu naye huenda akawa na haki ya rufaa, au ya kuomba upya baadaye, au ya kwenda chuo kingine. Kila chuo kina kitabu chake cha kanuni. Kijana akisome, wala asitegemee maneno ya wenzake wa bwenini.

Tena, kama asoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, aulize mapema chuoni na kwenye Bodi mkopo wake umesimama vipi. Mkopo ni deni, hata kwa aliyeacha masomo katikati.

TUITAFUTE SABABU

Baada ya barua, tuitafute sababu. Baba akianza kwa kusema "wewe ni mvivu," mazungumzo yamekwisha. Uvivu upo, hatukatai. Lakini tuangalie na mengine.

Kijana aliyelelewa katika shule ya bweni amezoea kengele. Kengele ya kuamka, ya sala, ya chakula, ya kusoma jioni. Chuo kikuu hakina kengele. Asipoingia darasani mwezi mzima, huenda hakuna atakayemwita kwa jina. Halafu ajua kwamba mtihani mkubwa u mbali, naye husema, "Nitasoma siku za mwisho." Hajui kwamba amekwisha kupoteza. Maana mara nyingi kazi za darasani na majaribio ya katikati ya muhula huchukua alama 40 katika 100, na mtihani wa mwisho 60. Asiyefanya zile za kwanza huingia katika mtihani akiwa mguu mmoja shimoni.

Wapo waliolemewa na Kiingereza. Wapo waliokula mlo mmoja kwa siku na wakaona haya kusema. Wapo walioweka pesa ya ada katika michezo ya kubeti, wakitumaini kuirudisha maradufu. Wapo waliougua, au waliofiwa, wakaingia katika mtihani na huzuni yao. Wapo mabinti waliopata mimba wakaogopa kumwambia mtu yeyote. Na wapo wanaosoma somo alilolichagua baba.

Kila sababu ina dawa yake. Aliyeugua atafute vyeti vya hospitali vya siku zile, maana chuo hutaka karatasi. Mgonjwa, mjamzito au aliyekwama kwa ada aweza kuomba kuahirisha masomo. Ila aombe kwanza ndipo aondoke, asiondoke kimya. Aliyenaswa na kubeti hafai kupewa pesa mkononi mpaka apone. Na mtoto wa somo la baba asikilizwe.

PADRE WA ARS NAYE ALIRUDISHWA

Wazazi Wakatoliki tusisahau kwamba msimamizi wa maparoko naye alirudishwa nyumbani kwa kushindwa masomo. Mtakatifu Yohane Maria Vianney alizaliwa mwaka 1786 Dardilly, karibu na mji wa Lyon, Ufaransa, mtoto wa wakulima. Ghasia za mapinduzi zilimchelewesha shule, akaanza Kilatini akiwa kijana mkubwa. Mwaka 1813 aliingia seminari kuu ya Lyon. Masomo yalifundishwa kwa Kilatini, naye hakuyafuata. Baada ya miezi michache akaambiwa aende zake.

Alifanyaje? Hakujificha. Alirudi Écully kwa Padre Balley, mwalimu wake wa kwanza aliyemjua vizuri. Padre yule hakumfundisha tena kwa namna ile ile iliyokwisha kumshinda. Alimweleza mambo kwa Kifaransa, lugha aliyoielewa. Tena alimwombea kwa wakubwa. Tarehe 13 Agosti 1815 Vianney akapewa upadre huko Grenoble. Mwaka 1818 akapelekwa Ars, kijiji kidogo, na huko watu wakaja toka mbali kuungama kwake. Mwaka 1925 Papa Pius XI alimtangaza Mtakatifu.

Angalieni mambo matatu yaliyomwinua: alimwendea mtu amjuaye, alibadili namna ya kusoma, na alipata wa kumsemea. Mtoto wenu naye yampasa kupata Balley wake. Aweza kuwa mwalimu wake wa zamani, mkuu wa idara, au mshauri wa wanafunzi pale chuoni. Asirudi kupambana peke yake na kwa njia ile ile iliyomwangusha.

WALIORUDISHWA MWAKA 1966

Nchini kwetu pia jambo hili si geni. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa vyuo vingine waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao. Walikuwa karibu 400, hesabu kubwa sana kwa siku zile ambapo wasomi wa nchi walikuwa wachache. Vijana waliokuwa fahari ya vijiji vyao wakarudi bila shahada.

Kosa lao halikuwa la alama, ni kweli. Lakini aibu ya kushuka na sanduku mbele ya majirani ni ile ile. Mwaka uliofuata, 1967, wengi wao waliruhusiwa kurudi chuoni. Mmoja wa waliorudishwa nyumbani ni Samuel Sitta. Alikuja kumaliza masomo ya sheria mwaka 1971, na toka 2005 hata 2010 akawa Spika wa Bunge la Tanzania. Huenda jirani aliyemcheka mwaka 1966 alimsikiliza redioni baadaye.

NENO KWA BABA

Ninyi wa Maruku mna mfano karibu zaidi, mbele ya mlango wenu. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera katika miaka ya 2000, wakulima waliambiwa wang'oe shina zima, mama na watoto wake, na kulizika. Kazi ile ilikuwa nzito, na wengi hawakuweza kuimaliza. Baadaye watafiti wa migomba wakaona njia nyingine: ukate mapema mgomba mmoja uliougua, chini kabisa karibu na udongo; ulitakase panga motoni kabla ya kugusa mwingine; na ulivunje ua dume kwa kijiti cha panda. Ukifanya hivyo bila kuchoka, shina huendelea, na kibanja hupona.

Baba, fanya vivyo hivyo. Kata kilichougua: ulevi, kubeti, uongo, kulala mchana. Usimng'oe mtoto mzima. Usiseme mbele ya wadogo zake kwamba elimu yake ilikuwa hasara. Hasira yako ina haki, maana kahawa ile ilikuwa jasho lako. Iseme mara moja, kwa maneno wazi, halafu iweke chini. Hasira inayorudiwa kila jioni haifundishi. Yamfukuza mtoto kwenda kwenye rubisi.

MIEZI YA KUKAA NYUMBANI

Miezi hii yaweza kumjenga au kumwozesha. Tunashauri mpango huu. Asubuhi afanye kazi ya kibanja kama wenzake, si kwa adhabu, bali kwa kuwa anakula. Baada ya chakula cha mchana awe na saa tatu za vitabu, kila siku, saa zile zile, simu ikiwa kwa mama. Aanze na masomo aliyoanguka. Atafute mitihani ya miaka iliyopita na kuijibu kwa kuandika. Kuyatazama majibu na kutikisa kichwa si kusoma. Aliyelemewa na Kiingereza asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha aueleze kwa Kiswahili kwa mdogo wake. Akishindwa kuueleza, hajauelewa bado.

Jumapili arudi kanisani. Watu watauliza. Awe na jibu fupi na la kweli: "Nilikwama, najiandaa kurudi." Jibu hilo humaliza maneno. Nao wanajumuiya wasimfanye habari ya kisimani.

Na kama chuo kimefunga mlango kabisa, maisha hayajafungwa. Hapo hapo Maruku kipo chuo cha kilimo, na mkoani vipo vyuo vya ufundi. Kuanza na cheti kisha kupanda mpaka stashahada ni ngazi halali, na aliyeipanda hana deni la heshima kwa mtu.

SIKU YA KURUDI

Akikubaliwa kurudi, asingoje siku ya mwisho. Afike mapema, amwone mkuu wa idara juma la kwanza, achukue masomo kwa kadiri ya nguvu zake, na kila kazi ya darasani aihesabu kuwa mtihani.

Ninyi wazazi msimpigie simu kuuliza tu "hujambo?", maana jibu litakuwa "sijambo" hata kama anazama. Kila Jumapili mwulizeni mambo mawili: juma hili umeingia vipindi vingapi, na ni kazi gani umeikabidhi? Maswali hayo si ya kumpeleleza. Ni ile kengele aliyoikosa, mpaka ajifunze kuipiga mwenyewe.

Mungu awajalie wazazi subira, na vijana ujasiri wa kusema kweli siku ile ile ya kwanza. Mtakatifu Yohane Maria Vianney awaombee.