Mpeleke mgeni wako chini ya ardhi

KUTOKA LONDON
Na Salma Mbwana

Likizo za shule zikikaribia, simu kutoka Dar es Salaam, Mombasa na Muscat huanza kuingia: shangazi anakuja, binamu anakuja, mtoto wa fulani kapata viza. Na kila mgeni huzungushwa njia ile ile. Saa kubwa ya Bunge, daraja la Tower, kasri la Mfalme, kisha maduka ya Oxford Street mpaka miguu ivimbe. Mgeni anarudi nyumbani na picha nyingi na hadithi chache. Naomba siku moja tu katika hizo ikatwe, mgeni apelekwe kusini-mashariki ya jiji, Chislehurst, akaingie pangoni.

Safari yenyewe haina ugumu. Treni zinatoka Charing Cross, zinapitia London Bridge, na baada ya kama nusu saa mmefika. Stesheni iko kanda ya 5, kadi ya Oyster inatosha, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu. Msitarajie lango la fahari. Kuna mgahawa, kuna mahali pa kukatia tiketi, kisha giza. Njia zilizochimbwa chini ya miti na nyumba za watu zinakadiriwa kufika maili 22, yaani kama kilomita 35. Baridi ya humo haibadiliki, nyuzi 10 kiangazi na kipupwe, kwa hiyo hata Julai bibi apewe koti zito, mtandio pekee hautamfaa. Haruhusiwi mtu kuingia peke yake. Mnapewa taa za mkononi, mnamfuata mwongoza wageni kwa dakika 45 hivi. Zipo siku ambazo hapafunguliwi, basi hakikisheni kabla hamjatoka nyumbani.

Mapango haya hayakuchongwa na maji. Ni machimbo ya watu. Kwa karne nyingi, mpaka miaka ya 1800, walichimba humo chaki ya kuchoma chokaa, na gumegume, jiwe lile lililotoa cheche kwenye bunduki za zamani. Ukiinua taa karibu na ukuta unaziona alama za sululu, pigo moja baada ya jingine, kama mchimbaji katoka jana. Mtu wa Pwani ataelewa upesi kuliko wengine hapa. Nyumba za Mji Mkongwe na za Lamu zimesimama kwa chokaa iliyochomwa tanuuni, sisi tukitumia matumbawe pale wao walipotumia chaki, na babu zetu wenye magobori walijua thamani ya gumegume nzuri.

Sasa sikilizeni kisa cha mwaka 1903. Mtaalamu mmoja wa mambo ya kale, William Nichols, makamu wa rais wa chama cha wanaakiolojia cha Uingereza, alitangaza kwamba mapango haya ni ya zama za mbali kabisa: yalianzwa na Wadruidi, makuhani wa kale wa kisiwa hiki, wakaja Warumi, kisha Wasaksoni. Ushahidi haukupatikana. Lakini hadithi ilikuwa tamu, ikashika, na mpaka leo sehemu tatu za mapango zinaitwa kwa majina ya makundi hayo matatu. Mwongoza wageni anayeijua kazi yake hukupa yote mawili: kile ambacho watu walipenda kuamini, na kile ambacho alama za sululu zinaonyesha. Hafichi kimoja ili kukipa nguvu kingine. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuwatuma huko, na nitairudia tukifika Tanga.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia humo zilihifadhiwa baruti na risasi za ghala kuu la silaha la Woolwich. Baada ya vita pakaoteshwa uyoga. Halafu ukaja mwaka 1940, ndege za Ujerumani zikaanza kuimwagia London mabomu, na wakazi wa kusini ya mto wakaja wenyewe, na mablanketi yao, na watoto wao mgongoni. Serikali haikuwaita. Waliendelea kuongezeka mpaka wakafika kama 15,000. Walioanza kulala juu ya chaki tupu wakapata taa za umeme na vyoo, kikajengwa kikanisa, ikawekwa hospitali, kila familia ikawa na sehemu yake inayojulikana, na mtu mzima alilipa peni moja kwa usiku. Mtoto alizaliwa humo. Watu walikwenda kazini asubuhi na kurudi jioni chini ya ardhi, na waliwekeana masharti ya usafi na ya kelele, kwa sababu umati wa namna hiyo hauwezi kuishi pamoja bila masharti.

Mgeni aliyetoka Goma au Bukavu hatahitaji mkalimani katika sehemu hii. Wala mzee wa Kisomali wa Tower Hamlets, wala Mganda aliyekimbia miaka ya 1970. Wengi wetu tulifika katika jiji hili tukiambiwa, kwa maneno au kwa macho, kwamba ukimbizi ni tabia ya nchi zetu. Nataka watoto wetu wasimame pale penye vitanda vya mbao na waone kwamba mwenyeji wa London naye aliwahi kubeba godoro lake akatafuta shimo la kumsitiri, si zamani sana, bibi na babu za wanafunzi wenzao wakiwemo. Hili halisemwi vya kutosha shuleni. Baadaye, katika miaka ya 1960, vijana walicheza muziki humo humo, na Jimi Hendrix na David Bowie ni kati ya waliopiga. Wapenda muziki watauliza zaidi. Mimi moyo wangu uko kwa wale watu 15,000.

Mkitoka, msikimbilie treni. Makosa ya wengi ni kuliona pango kama shughuli ya saa moja, kumbe jirani zake ndio wanaoifanya siku ikamilike. Pandeni mpaka uwanja wa wazi wa Chislehurst. Karibu yake iko Camden Place, ambayo sasa ni ya klabu ya gofu, kwa hiyo mtaitazama kwa nje. Humo ndimo alimokuja kuishi uhamishoni Napoleon III, mfalme wa Ufaransa aliyeng'olewa, na ndimo alimofia Januari 1873. Mwanawe alijiunga na jeshi la Waingereza lililokwenda kuivamia nchi ya Wazulu, na tarehe 1 Juni 1879 akauawa na wapiganaji wa Kizulu, akiwa na umri wa miaka 23. Malkia Victoria alihudhuria mazishi yake hapa hapa Chislehurst. Msalaba wa ukumbusho wake uko kwenye uwanja huo. Simameni chini yake na watoto, muwaambie kijana huyo alikuwa anatafuta nini kusini mwa Afrika, na waliomchoma mikuki walikuwa wakiilinda nchi ya nani. Jiwe lile halitawaambia.

Mwenye nguvu za kutembea aendelee mpaka msitu wa Petts Wood. Huko alikuwa akipanda farasi alfajiri mjenzi aitwaye William Willett, mkazi wa Chislehurst, na mwaka 1905 alikerwa kuona jua limekwisha chomoza na watu bado wamefunga mapazia. Mwaka 1907 akatoa kijitabu akidai saa zisogezwe mbele wakati wa kiangazi. Alifariki 1915 bila kuliona. Sheria ikapita 1916. Kumbukumbu yake msituni ni saa ya kivuli iliyotegeshwa kufuata saa za kiangazi. Kila aliyewahi kumwamsha mama yake Morogoro kwa simu ya usiku, kwa kusahau kwamba tofauti imetoka saa mbili kuwa tatu, ana haki ya kumjua mtu huyu.

Wenye gari, au wenye subira ya basi namba 146 kutoka Bromley, wamalizie Downe, katika nyumba aliyoishi Charles Darwin tangu 1842 hadi kifo chake 1882. Hapo ndipo alipoandika, katika kitabu chake cha 1871, kwamba inaelekea zaidi wazee wa kwanza wa binadamu waliishi Afrika kuliko kwingineko. Alisema hivyo bila kuwa na mfupa hata mmoja wa Kiafrika mkononi. Mifupa imekuja baadaye, na mmoja wa ushahidi unaonigusa zaidi umetoka pangoni: Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, ambako watafiti walikuta kaburi la mtoto wa miaka kama mitatu, aliyelazwa kwa ubavu, kichwa kikiwa kimeegemezwa, miaka 78,000 iliyopita. Walimpa jina Mtoto. Habari zake zilichapishwa mwaka 2021, na lile ndilo kaburi la kale kuliko yote la binadamu wa aina yetu lililojulikana Afrika mpaka wakati huo.

Basi na nyumbani tunayo. Amboni, kilomita chache tu kutoka Tanga mjini, ni mapango ya chokaa yaliyochongwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Watu wameyasimulia mengi: kwamba njia zake zinatokea Mombasa, kwamba mbwa alipotelea humo akaonekana Kilimanjaro. Uchunguzi wa mwaka 1994 ulikuta mapango kumi yaliyo mbali mbali, refu kuliko yote likiwa na mita 900. Humo zipo sehemu za mizimu ambako watu wanaacha sadaka, na katika miaka ya 1950 alijificha humo Osale Otango, aliyekuwa akiwasumbua wakoloni. Mbwa wa Kilimanjaro na Wadruidi wa Nichols ni ndugu. Wote wanastahili kusimuliwa, na baada yao msikilizaji anastahili kupewa vipimo.

Kinachonihuzunisha ni jinsi tunavyowapitia watu wanaoyasimulia. Familia inashuka garini Amboni, inamwambia mwongoza wageni afupishe kwa kuwa Pangani ni mbali, inapiga picha kwenye mwanya wa mwamba, inaondoka. Na tukizungumza habari ya kuendeleza utalii, mawazo yanakwenda kwenye lango jipya, taa za rangi na hoteli. Chislehurst wameliacha giza kama lilivyo. Mgeni analipia sauti ya mtu anayejua, na anaridhika. Fedha za kwanza za Amboni, na za mapango ya watumwa Shimoni na Mangapwani, ningeziweka kwenye mishahara na mafunzo ya waongoza wageni: wakae na wazee wa vijiji, wapewe ripoti za watafiti kwa Kiswahili, walipwe vizuri kiasi kwamba kijana mwenye akili asione kazi hiyo ni ya kusubiria nyingine.

Wanaosafiri Agosti kwenda Tanga wapange hivi: asubuhi yote Amboni, maswali yakiwa yameandikwa tangu nyumbani, mchana Tongoni kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, na Pangani iwe ya siku ya pili. Wanaoelekea Kwale waanze na pango la Shimoni, kisha wavuke kwa mashua kwenda Wasini, wakatembee katika bustani ya matumbawe inayotunzwa na kina mama wa kisiwa. Bahashishi ya mwongoza wageni iwekwe pembeni kabla ya kununua mafuta ya gari.