Usiuze Kahawa Ikingali Maua

Katika mkoa wa Kagera kuna neno ambalo kila mkulima wa kahawa analijua. Neno hilo ni butura. Butura ni kuuza kahawa ingali mtini, mara nyingine ikiwa bado maua. Mkulima huchukua pesa kidogo leo. Wakati wa mavuno mwenye pesa huja kuchukua kahawa. Jasho ni la mkulima, faida ni ya mtu mwingine.

Huko kusini, katika mikoa ya Mtwara na Lindi, wakulima wa korosho wanaijua kangomba. Huko nako mkulima mwenye shida huuza korosho zake kwa mlanguzi kwa bei ya chini, nje ya utaratibu wa ushirika. Majina ni mawili, lakini ugonjwa ni mmoja.

Serikali imepiga marufuku biashara hizi mara nyingi. Hilo ni jambo jema. Lakini maoni yangu ni kwamba marufuku peke yake haitoshi. Butura haianzii kwenye mti wa kahawa. Huanzia kwenye daftari la duka, kwenye kilabu cha pombe, na kwenye matumizi madogo madogo ya kila siku. Tukitaka kuimaliza, tuanzie huko.

DENI HUINGIAJE NYUMBANI?

Deni kubwa haliingii nyumbani kwa kishindo. Huingia kidogo kidogo. Leo mtoto anatumwa dukani kuchukua sukari ya kukopa. Kesho sabuni. Keshokutwa baba anachukua vocha ya simu. Kila mara mwenye duka anafungua daftari lake na kuandika. Wewe huandiki. Mwisho wa mwezi yeye anajua kila kitu, nawe hujui kitu. Akikuambia deni ni shilingi 45,000, utabisha kwa ushahidi gani?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba deni bila daftari hukua bila habari.

Kisha unafika mwezi wa Januari. Shule zinafunguliwa. Ada ya shule za serikali ilifutwa, lakini sare, viatu na madaftari vinahitaji pesa. Mwenye duka naye anadai chake. Kahawa bado ni mbichi mtini. Hapo ndipo mwenye butura anapobisha hodi. Anakuja na pesa mkononi na maneno matamu. Ukiwa na deni huna nguvu ya kumkatalia.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka bei za kijijini kwako.

Nyumba hiyo inadaiwa hivi:

Dukani: shilingi 45,000
Kwa jirani: shilingi 25,000
Kwa fundi cherehani: shilingi 20,000
Jumla: shilingi 90,000

Sasa tazama baadhi ya matumizi ya nyumba hiyo kwa wiki moja:

Pombe, shilingi 1,000 kwa siku 4: shilingi 4,000
Chai na maandazi mgahawani, shilingi 600 kwa siku 5: shilingi 3,000
Vocha ya simu, shilingi 500 kwa siku 6: shilingi 3,000
Bodaboda kwenda na kurudi gulioni: shilingi 2,000
Jumla: shilingi 12,000

Hatusemi mambo haya yote yaachwe. Tunasema yapunguzwe nusu tu. Nusu ya shilingi 12,000 ni shilingi 6,000 kwa wiki. Gawa 90,000 kwa 6,000. Jibu ni wiki 15. Nyumba hiyo ikianza katikati ya mwezi wa Septemba, deni litakwisha mwisho wa Desemba. Shule zitafunguliwa ikiwa haidaiwi hata senti.

Je, nyumba hiyo ikikimbilia butura? Tuseme inapewa hizo shilingi 90,000 kwa magunia mawili ya kahawa. Tuseme wakati wa mavuno magunia hayo yangeleta shilingi 220,000. Nyumba imepoteza shilingi 130,000. Hasara imekuwa kubwa kuliko deni lenyewe!

Na je, ikikimbilia mikopo ile ambayo wananchi wenyewe wameiita "kausha damu"? Tuseme riba ni shilingi 20 kwa kila shilingi 100, kwa mwezi. Riba ya shilingi 90,000 ni shilingi 18,000 kila mwezi. Kwa miezi mitano umelipa riba ya shilingi 90,000, na deni lenyewe bado limesimama palepale. Kulipa deni kwa deni la namna hiyo ni kuzima moto kwa mafuta ya taa. Tena kumbuka kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni. Asiye na leseni usimpe hata jina lako.

NANI AANZE KUPUNGUZA?

Hapa nataka tusemezane kweli. Mara nyingi baba akisikia habari ya kupunguza matumizi, hutazama jikoni. Humwambia mama apunguze mafuta, apunguze sukari, apunguze sabuni. Yeye mwenyewe jioni anakwenda kilabuni kama kawaida.

Hiyo si haki, na tena haileti faida. Pesa ya jikoni mara nyingi imekwisha kukatwa mpaka mfupani. Ukiikata tena unakata uji wa mtoto. Mtoto asiyeshiba huugua, na ugonjwa huleta deni jingine. Kwa hiyo naona mkuu wa nyumba ndiye aanze. Apunguze kwanza yale yanayomfurahisha yeye peke yake. Watoto na mama wakimwona ameanza, watafuata bila kulazimishwa.

Yako mambo ambayo hayafai kukatwa. Usikate chakula cha watoto. Usikate dawa. Usikate daftari na kalamu ya mwanafunzi. Usikate mchango wa msiba, kwa sababu leo ni kwa mwenzako na kesho ni kwako. Lakini michango ya sherehe ni habari nyingine. Mtu anayedaiwa hana sababu ya kukopa ili achangie harusi kubwa. Atoe kidogo alicho nacho, au atoe mkungu wa ndizi na nguvu za mikono yake. Kukopa harusi, kulipa matanga.

NAMNA YA KUPUNGUZA BILA KULALA NJAA

Kwanza, tazama vitu unavyonunua kwa kupimiwa. Tuseme robo lita ya mafuta ya kula ni shilingi 2,000, na lita nzima ni shilingi 7,000. Ukinunua robo nne utalipa shilingi 8,000. Umepoteza shilingi 1,000 kwa kitu kilekile. Utasema, "Sina shilingi 7,000 kwa mara moja." Ni kweli. Basi ungana na majirani watatu. Nunueni lita moja na kugawana. Kila mmoja atalipa shilingi 1,750. Fanyeni hivyo kwa sabuni, chumvi na sukari pia.

Pili, tazama vitu unavyonunua wakati ardhi yako ingeweza kuvitoa. Mchicha, nyanya na vitunguu vinaota karibu na nyumba. Maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi yatanywesha bustani ndogo. Kuku wachache watakupa mayai. Si aibu mkulima kununua mboga, lakini ni hasara kuinunua kila siku huku uwanja umelala.

Tatu, tazama moto. Jiko la mafiga matatu hula kuni nyingi. Jiko banifu la udongo hutumia kuni chache, na unaweza kulifinyanga mwenyewe ukionyeshwa. Kama unanunua kuni au mkaa, hapo kuna pesa inayokwenda na moshi.

Nne, tazama simu. Simu ni chombo kizuri. Kwa simu unaweza kuuliza bei ya mazao kabla ya kuuza. Lakini simu pia hukopesha kwa kubonyeza tu, bila kukutazama usoni. Kwa sababu hiyo watu wengi hukopa bila kufikiri. Kabla ya kubonyeza, uliza maswali mawili: Nitalipa kiasi gani kwa jumla? Nitalipa kwa pesa ipi? Kama huna jibu, iweke simu mfukoni.

KULIPA KWA MPANGO

Nunua daftari moja. Gawa ukurasa katika sehemu tatu: tarehe, pesa iliyoingia, na pesa iliyotoka. Andika kila jioni, hata kama ni shilingi 100. Baba na mama waandike pamoja, maana siri ya matumizi huzaa ugomvi. Ukurasa wa mwisho andika majina ya wote wanaokudai na kiasi cha kila mmoja.

Kisha fanya mambo manne. Acha kukopa upya. Nenda kwa kila anayekudai, umwambie utalipa kiasi gani kila wiki. Anza na deni lenye riba kubwa, kwa sababu hilo hukua ukiwa umelala. Na kila unapolipa, mwombe anayekudai afute kwenye daftari lake mbele ya macho yako, nawe ufute kwenye lako.

Deni likiisha, usirudishe zile shilingi 6,000 kilabuni. Zipeleke kwenye chama cha kuweka na kukopa, yaani SACCOS, au kwenye kikundi cha VICOBA kijijini kwenu. Wiki 15 nyingine zitakupa akiba ya shilingi 90,000. Zamani pesa hizo zilikuwa deni, sasa ni zako. Siku ukipata shida, utakopa kwenye chama chako, kwa masharti mliyokubaliana wenyewe.

WENGINE HUSEMAJE?

Wako watakaosema, "Bwana Elimu, shida yetu si matumizi. Shida yetu ni kipato kidogo." Siwezi kuwabishia kabisa. Bei ya mazao huanguka. Mvua hukataa. Ugonjwa huingia katika nyumba yenye mipango mizuri. Mtu aliyekopa kumpeleka mtoto hospitali hakufanya ubadhirifu, na asichekwe. Wala kupunguza maandazi hakumfanyi mtu kuwa tajiri.

Lakini fikiri jambo hili. Bei ya kahawa huwezi kuipanga wewe usiku wa leo. Mvua huwezi kuiagiza. Shilingi 500 iliyo mkononi mwako unaweza kuiamuru. Na mkulima asiyedaiwa ana nguvu moja kubwa: anaweza kusubiri. Anaweza kumwambia mlanguzi, "Kahawa yangu haijaiva." Anaweza kuipeleka kwenye chama cha ushirika na kungoja malipo. Mwenye deni hawezi kungoja. Mlanguzi anajua hivyo, ndiyo maana huja mwezi wa shida.

Ndugu msomaji, ulipoingia darasa la kisomo ulijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Elimu hiyo si ya kusomea barua tu. Mwenye duka anaandika. Mlanguzi anahesabu. Kwa nini wewe unayelima ndiye uwe mtu pekee asiye na kalamu? Anza leo jioni. Andika tarehe, andika ulichotumia, mpe mwenzako naye asome. Haba na haba hujaza kibaba, na bandu bandu huisha gogo. Deni nalo ni gogo. Libandue kila wiki, ili kahawa yako ikiiva uichume wewe na uiuze wewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Katika kijiji chenu, watu huuza mazao kabla ya mavuno? Ni mwezi gani hasa, na kwa shida gani?
2. Andika matumizi manne ya nyumba yako ambayo yanaweza kupunguzwa nusu. Kwa wiki moja utapata shilingi ngapi?
3. Mtu anadaiwa shilingi 60,000. Anaweza kulipa shilingi 4,000 kwa wiki. Atamaliza deni kwa wiki ngapi?
4. Je, ni kweli kwamba mkuu wa nyumba ndiye aanze kupunguza matumizi? Toeni sababu zenu.