Pikipiki ya Stima Haina Mlio, Lakini Mfupa Huvunjika Vilevile

Jumatatu moja asubuhi aliletwa katika kliniki yangu hapa Majengo bibi mmoja anayeuza maharagwe Gikomba, kifundo cha mkono wa kulia kimevimba. Alikuwa akivuka barabara ya General Waruinge. Alisikiliza, hakusikia kitu, akatia mguu barabarani. Pikipiki iliyomwangusha ilikuwa ya stima. "Daktari," aliniambia, "miaka yote mimi huvuka kwa masikio. Macho yangu unayajua." Ninayajua. Ana mtoto wa jicho na anaogopa kisu.

Aliyemleta ni mwendeshaji mwenyewe, na namshukuru, kwa maana wengi hutoroka. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Nilipokuwa nikimfunga bibi plasta, kijana alishindwa kujizuia kunisimulia sifa za chombo chake. Alisema pia kwamba kuna fundi anayeweza kuingia katika kompyuta ya pikipiki na kuondoa kikomo cha kasi kilichowekwa kiwandani. Kisha akatoa simu, akanionyesha pikipiki za stima za mashindano ng'ambo. "Hizi zikifika hapa, daktari, petroli kwisha."

Mimi si adui wa pikipiki za stima. Waulize madaktari wa mitaa hii ya Eastlands ni kidonda gani cha pikipiki wanachokiona mara nyingi kwa akina mama, watakujibu: kidonda cha moto upande wa ndani wa mguu wa kulia, pale abiria anaposhuka na kugusa bomba la moshi. Pikipiki ya stima haina bomba hilo. Haina moshi unaowaingia watoto wanaokohoa mlangoni mwa nyumba zetu zilizobanana, wala haiwapigii kelele wagonjwa usiku. Tangu kampuni kama Roam, Ampersand na Spiro zilipoanza kuziuza na kubadilisha betri hapa nchini, nimeziona zikiongezeka katika kila steji, na nimefurahi.

Hofu yangu iko katika ile video ya simu. Kule kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, mshindi wa mbio za pikipiki za stima za mwaka 2010 alikwenda kwa wastani wa karibu kilomita 156 kwa saa. Kufikia 2019 mzunguko wa kasi zaidi ulikuwa umefika karibu kilomita 196. Mashindano ya dunia yaitwayo MotoE yalianza mwaka huo huo wa 2019, baada ya kucheleweshwa na moto uliounguza pikipiki zote zikiwa majaribioni Jerez, Uhispania. Tangu 2023 yaliendeshwa kwa pikipiki za Ducati zinazoweza kufika kilomita 275 kwa saa. Ni kweli kwamba yalisimamishwa baada ya msimu wa 2025, waandaaji wakikiri kwamba hayakuvuta mashabiki wa kutosha na kwamba soko la pikipiki hizo za kasi halikukua walivyotarajia. Wapenzi wa mbio wanasema mchezo bila mngurumo ni kama harusi bila ngoma. Sina ugomvi nao. Lakini teknolojia haikufa pamoja na mashindano, na kitu kilichokuwa cha matajiri mwaka huu huuzwa kwa mkopo steji baada ya miaka kumi.

Msomaji aelewe tofauti. Injini ya petroli hukusanya nguvu polepole, hubadilishwa gia, na hunguruma kadiri inavyopanda. Mngurumo ule humwambia mwendeshaji kwamba amezidisha, na humwambia mama barabarani ajitenge. Mota ya stima hutoa msukumo wake mkubwa tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, bila klachi, bila gia, bila sauti ya maana. Pikipiki ya LiveWire iliyotolewa na Harley-Davidson ya Marekani mwaka 2019 hufika karibu kilomita 100 kwa saa kwa muda wa sekunde 3. Katika sekunde hizo mtoto anayefuata mpira kichochoroni hajafika katikati ya njia.

Nyama na mfupa havijui tofauti ya petroli na stima, bali vinajua kasi. Kugonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka ghorofa ya tatu. Kwa kilomita 90, ambayo bodaboda nyingi za stima hufikia ama hukaribia, ni kama ghorofa ya kumi. Fupa la paja likivunjika, mtu aweza kupoteza lita moja ya damu ndani ya paja lake pasipo tone kuonekana nje.

Nilikuwa kijana mwaka 2008 serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo. Ilikuwa habari njema ya kazi kwa vijana, na kazi ilipatikana. Lakini tulifungua mlango kabla ya kuandaa mafunzo, kofia na wodi. Sheria ya kumtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi la kung'aa, na kubeba abiria mmoja tu, iliingizwa katika sheria za barabarani mwaka 2012. Kufikia wakati huo wodi za mifupa zilikuwa zimejaa, na hadi leo zipo hospitali ambazo watu huita wodi hizo kwa jina la bodaboda.

Sasa mlango wa pili unafunguka, na safari hii ufunguo tunao, kwa sababu kasi ya pikipiki ya stima hupangwa kwa programu. Maoni yangu ni kwamba serikali iweke kikomo cha kasi kwa kila pikipiki ya stima ya kubeba abiria, na anayekiondoa ashtakiwe, fundi pamoja na mwenye chombo. Vijana wanaotaka mbio, na sioni dhambi katika kutaka mbio, wajengewe uwanja uliofungwa wenye ambulensi mlangoni. Pia ziwekewe sauti ya kuonya. Huko Ulaya magari mapya ya stima yanalazimishwa kutoa sauti yakienda polepole, lakini kanuni ile haizigusi pikipiki. Nadhani walioitunga hawajawahi kuvuka barabara Gikomba.

Wakati tukisubiri, vaa helmeti. Tafiti nyingi zilizojumlishwa mwaka 2008 zilionyesha kwamba hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Najua abiria wanavyosema: inanuka, ina mba, inaharibu nywele. Funga leso safi chini yake, kisha ivae na kuikaza kidevuni, maana isiyokazwa hutangulia kuruka kabla yako.

Na ukimkuta aliyeanguka, usimnyanyue kwa makwapa na kumpakia kwenye pikipiki nyingine, jambo ninaloliona kila wiki. Ikiwa anapumua vizuri, mwache na helmeti yake, shikilia kichwa kisigeuke, kandamiza penye damu kwa kitambaa safi na uite ambulensi.

Bibi wa maharagwe atarudi baada ya wiki sita kutolewa plasta. Nimemwandikia pia barua ya kwenda kuonwa macho. Kijana ameahidi kumsindikiza, nami nimemwomba wapande matatu.