Mrija wa Kufyonza Makohozi: Adhabu au Rehema?



Tangu korona ilipoingia nchini mwezi wa Machi 2020, mashine ya kupumulia imekuwa jambo la kutajwa majumbani mwetu, Likoni, Kisauni na Changamwe. Bado lipo jambo linalowatia hofu jamaa wanaovuka feri au daraja kumzuru mgonjwa mahututi katika Hospitali Kuu ya Pwani. Humwona muuguzi akipitisha mrija mwembamba ndani ya bomba la kupumulia, mgonjwa akakohoa na machozi yakamtoka. Baadhi yetu husema, "Mwacheni, mnamuadhibu!"

Tufahamu sababu. Mwenye bomba kooni hawezi kuyatoa makohozi mwenyewe. Yakiachwa huziba njia ya hewa, naye akakosa pumzi ilhali mashine inafanya kazi. Kuyafyonza ni kumwokoa.

Hata hivyo, kufyonza nako kwaweza kudhuru: oksijeni hushuka, mapigo ya moyo hubadilika, njia ya hewa hujeruhika, na viini huweza kuingia mapafuni. Kwa hiyo kazi hii ina adabu zake. Hufanywa panapo haja, wala si kwa kufuata saa. Muuguzi huosha mikono, huvaa glavu, na humzidishia mgonjwa oksijeni kwanza. Upana wa mrija hauzidi nusu ya upana wa ndani wa bomba. Hufyonza wakati wa kuutoa, si wa kuuingiza, na kila safari haizidi sekunde 15. Kisha mgonjwa hupumzishwa.

Nasi tunao wajibu. Tusimzuie muuguzi, wala tusimshurutishe afyonze pasipo haja. Tuoshe mikono tuingiapo na tutokapo, na tusiguse mabomba. Tukisikia mkoromo, au mashine ikalia, tumwite upesi. Penye shaka tuulize kwa upole. Kuuliza ni haki yetu.

La mwisho, enyi mama zetu: maji ya Zamzam tusimtie mgonjwa kinywani bila idhini ya daktari, kwani yaweza kuteremka mapafuni. Tumsomee Qur'ani kwa sauti ya chini na tumsemeze kwa upole, kwani huenda anasikia ijapokuwa hajibu. Dini yetu imetuamrisha kujitibu na imetukataza kudhuru, na kutawakali hakuondoi hadhari.

Twamwomba Mola awaponye wagonjwa wetu na awalipe kheri wauguzi wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.