Kutoka Twisti hadi Gengetoni: Nani Aliyesema Nyimbo Hizi Si Fasihi?

Wahenga walinena kuwa ngoma ya watoto haikeshi. Nadhani aliyeitunga methali hiyo hakujaaliwa kuhudhuria matanga katika vijiji vya Bungoma miaka hii yetu. Nyanya yangu alipofariki, vijana wa ukoo walichanga pesa, wakakodi spika mbili kubwa na jenereta, na ngoma ikakesha. Hadi saa nne za usiku walichezewa wazee nyimbo za Daudi Kabaka na John Nzenze. Zikafuata benga za Sukuma bin Ongaro. Baada ya hapo uwanja ukatwaliwa na vijana, na gengetoni ikarindima hadi jogoo wa kwanza. Baba yangu mdogo, aliyekuwa amesafiri kutoka Kitale, alinigeukia akasema kwa uchungu: "Huu si muziki, mwanangu. Haya ni makelele."

Sikumjibu, kwani mtoto hambishani na baba yake penye msiba. Hata hivyo nilikumbuka jambo ambalo marehemu mwenyewe aliwahi kunisimulia. Baba mkwe wake alikataza gita lisiingie katika boma lake, kwa kuwa aliamini kwamba wapiga gita wote walikuwa walevi na watoro wa kazi. Kwa hiyo nyimbo ambazo baba mdogo alizililia usiku ule zilikuwa, kwa kizazi kilichomtangulia, makelele vilevile.

Makala haya yana hoja mbili. Ya kwanza ni kuwa kila mtindo wa muziki uliopita katika eneo letu ulihukumiwa kabla ya kusikilizwa. Ya pili, na ndiyo inayonikereketa zaidi, ni kuwa sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tumeshiriki katika hukumu hiyo, na kwa kufanya hivyo tumeiacha sehemu kubwa ya fasihi ya Kiswahili ya bara ipotee machoni petu.

Tuanze na asili. Kabla ya gita kulikuwa na litungu, zeze la nyuzi saba la Wabukusu, lililoghaniwa nalo sifa za mashujaa na masaibu ya dunia. Reli ilipofika Bungoma na Kitale katika miaka ya 1920, na mashamba ya walowezi yalipotapakaa Trans Nzoia, watu wa makabila mengi walijikuta wakiishi katika kambi za vibarua. Lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili. Waliorejea kutoka Vita vya Pili vya Dunia walikuja na gita na gramafoni. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda huko Katanga, na santuri za Mkongomani huyo zikawa chuo cha wapiga gita wa Afrika Mashariki. Magharibi mwa Kenya vidole vilivyozoea litungu vilipata kazi mpya. Hapo ndipo ulipochipuka mtindo wa omutibo, ambao bingwa wake alikuwa George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Ala zake zilikuwa chache: gita kavu, sauti mbili au tatu, na chupa ya soda iliyokwaruzwa kwa kipande cha chuma.

Wakati huohuo, ng'ambo, Wamarekani weusi walikuwa wameugeuza muziki wao wa dansi ukazaa kile kilichokuja kuitwa roki. Mwaka 1960 Chubby Checker aliutangaza ulimwenguni mchezo wa twisti, na haukuchelewa kufika Nairobi. Lakini tazama kilichotokea. Vijana wa Equator Sound, wakiwemo Kabaka, Nzenze na Fadhili William, waliupokea jina tu. Mapigo waliyachota zaidi katika kwela ya Afrika Kusini na katika gita la nyumbani, na maneno wakayatunga kwa Kiswahili. Hawakuwa waigaji. Mwaka 1968 kundi la Kiingereza The Tremeloes liliurekodi wimbo wa Kabaka "Helule Helule" na kuupeleka katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Aliyedaiwa kuwa mwanafunzi akawa mwalimu.

Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini Mukabi, Kabaka na Nzenze, wote wenye asili ya Kiluhya, walitunga nyimbo zao nyingi mashuhuri kwa Kiswahili? Soko la santuri ni sehemu ya jibu, lakini si jibu zima. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya maisha mapya waliyoyaimba: mshahara, safari ya treni, mapenzi ya mjini, na shule. Wimbo wa Kabaka "Msichana wa Elimu" kwa jina lake tu unakuonyesha mtu ambaye hakuwako katika kambi za vibarua za miaka ya 1920. Hiki si Kiswahili cha Lamu wala cha Mvita, na hakikujifanya kuwa hicho. Ni Kiswahili cha watu waliokipokea wakiwa watu wazima, wakakitia machungu na furaha zao.

Umbo la nyimbo nalo lilitawaliwa na chombo. Upande mmoja wa santuri ndogo ulibeba takriban dakika tatu, hivyo mtunzi wa twisti alilazimika kusimulia kisa kizima kwa beti chache, mithili ya mtunzi wa hadithi fupi. Katika miaka ya 1970 ikaja rumba ya Wakongomani kama Les Mangelepa, na ya Watanzania waliounda Simba Wanyika na, mwaka 1978, Les Wanyika. Benga nayo, iliyozaliwa na Waluo kwa kuiga nyatiti, ikaenea hadi kwa Waluhya. Nyimbo zikarefuka, zikagawanywa sehemu ya kwanza na ya pili katika pande mbili za santuri: upande wa kwanza kisa, upande wa pili magita. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kuutenga muziki wa nyumbani asilimia 75 ya nafasi, lakini agizo hilo halikudumu. Kisha kanda zikaingia, na unakili wa haramu ukazinyonga kampuni za kurekodi. Kizazi kilichofuata hakikuwa na bendi wala studio kubwa. Kilikuwa na kinasa sauti, kompyuta na maneno. Mwaka 1997 Kalamashaka wa Dandora walitoa "Tafsiri Hii", na kuanzia mwaka 2018 gengetoni ikafuata njia iyo hiyo, mara hii ikisambazwa kwa simu ya mkononi.

Najua pingamizi litakalotolewa. Litasemwa kuwa nyimbo hizi za sasa ni chafu, na kwamba Sheng imekiua Kiswahili ndani yake. Sitakana kuwa nyingi ni chafu. Lakini tuwe waadilifu katika hoja zetu. Katika darasa la fasihi simulizi tunafundisha nyiso bila kuona haya, ilhali kila aliyekulia Bungoma anajua kuwa mwezi wa Agosti wa mwaka wa tohara, chinyimba zikilia barabarani, huimbwa maneno ambayo hayawezi kuandikwa katika jarida hili. Tunayasamehe kwa kuwa yana msimu wake na dhima yake. Kwa maoni yangu, udhaifu wa gengetoni nyingi hauko katika kutaja yasiyotajika. Uko katika kuyataja bila fumbo, na bila kisa. Hilo ni kosa la kisanaa, nasi tuliosomea sanaa ya maneno ndio tunaopaswa kulipima kwa vipimo vyetu. Tukiliachia baraza la wazee, tutapata hukumu tu, hatutapata uhakiki.

Kuna pia tatizo la mikoba yetu ya uainishaji. Tumezoea kuzipanga nyimbo kwa muktadha: mbolezi za msiba, hodiya za kazi, nyiso za jando, bembelezi za watoto. Je, twisti inayochezwa matangani ni mbolezi? Nilimwona shangazi yangu akilia machozi ya kweli kwa wimbo wa mapenzi wa mwaka 1962 au 1963, kwa kuwa ndio aliokuwa akiuimba marehemu akipalilia mahindi. Wimbo ule ulikuwa hodiya shambani, ukawa mbolezi usiku ule, nao ulirekodiwa kwa ajili ya dansi. Mikoba yetu haina nafasi yake. Badala ya kuifumua mikoba, tumeutupa wimbo.

Nasema hivi nikiwa na jeraha. Nilipowasilisha pendekezo langu la kwanza la tasnifu kuhusu nyimbo za omutibo na twisti, niliambiwa na mmoja wa waliolisoma kuwa nyimbo za baa si fasihi, nitafute diwani. Nilitafuta diwani. Nilipomaliza kozi ya mwaka wa kwanza nikaenda Kitale kwa baba mdogo, nikamwomba anionyeshe santuri zake alizokuwa akizihifadhi ndani ya sanduku la chai tangu ujana. Tulizikuta zimepindapinda kwa joto la mabati. Majalada yalikuwa yameliwa na mchwa. Nyingine wajukuu walikuwa wamezirusha uwanjani kama visahani, na moja ilikuwa imefunika mtungi wa maji. Kati ya zaidi ya arobaini alizozihesabu kwa kumbukumbu, tuliokoa tisa. Diwani niliyoitafuta ingalipo maktabani. Santuri zile hazipo tena.

Ndiyo maana nawaomba wasomi wenzangu mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kila mwanachama anayekwenda likizo amwendee mzee mmoja mwenye santuri, kanda au kumbukumbu, aandike maneno ya nyimbo tatu kama yanavyosikika, bila kuyasahihisha yawe sanifu. Maandishi hayo yakusanywe na chama chetu. Nao wahadhiri wetu wakubali angalau mhadhara mmoja, katika kozi ya fasihi simulizi, uwe wa nyimbo zilizorekodiwa.

Alfajiri ile ya matanga, jenereta lilipozimwa, nilimwona baba mdogo akimwita yule kijana aliyekuwa akiendesha mitambo. Nilidhani anakwenda kumkemea. Kumbe alikuwa akimuuliza kama ile simu yake ina nyimbo zaidi za Mukabi. Kijana akajibu kwa heshima: "Zipo, mzee, ila sijui maneno yake." Sisi tunaosoma maneno ndio tuliostahili kuwa na jibu, nami nilikuwa nimesimama pale, kimya.