Mashua ikigeuzwa hoteli, ibaki mashua

Kandokando ya Ziwa Kivu, kutoka Goma hadi Bukavu, kupitia Minova, Kalehe na kisiwa cha Idjwi, mashua ya uvuvi ikizeeka haitupwi ovyo. Mwenyewe huitengeneza tena, ama huuza mbao na moteri. Lakini kuna wazo lingine linalowavutia wenye mashua: kuijengea vyumba juu, kuweka vitanda na jiko, kisha kulaza wageni majini. Upande wa pili wa ziwa, nchini Rwanda, chombo kinachoitwa Kivu Queen uBuranga tayari kinachukua watalii, kikiwa na vyumba 10. Mtu wa upande wa Kongo akikiona anajiuliza: kwa nini isiwe hapa?

Swali hilo ni la haki. Ziwa ni moja, milima ni ileile, na uzuri wa Idjwi asubuhi hauhitaji kutangazwa. Tena vita imewanyima watu kazi. Mgeni mmoja akilipa chumba, anayepata si mwenye mashua peke yake. Mpishi anapata, mama muuza sambaza anapata, kijana mwenye pirogi ya kuvusha wageni anapata. Kwa hiyo anayetaka kugeuza mashua yake kuwa hoteli hapashwi kuchekwa wala kuzuiwa.

Lakini anapashwa kukumbuka jambo moja: kwenye Ziwa Kivu, mashua ni barabara.

Watu wa Minova wanalijua hilo kwa uchungu. Mwaka 2024 mapigano yalipofunga barabara ya kwenda Goma, safari zilihamia majini. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo, mashua Merdi iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa karibu kufika bandari ya Kituku. Ilikuwa imebeba watu kupita kipimo. Makumi ya watu walikufa mbele ya macho ya ndugu waliokuwa wakiwangojea. Na kabla ya hapo, Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na wakaazi wa Goma wakaamriwa kuhama, wengi walikimbilia ziwa. Siku hiyo hakuna aliyeuliza kama chombo ni cha samaki au cha abiria. Waliuliza kama kina nafasi.

Ndiyo maana hatari ya hoteli ya majini iko katika namna inavyotengenezwa. Mwenye mashua akikosa pesa, ni rahisi aanze kwa kuuza moteri ili anunue magodoro. Kisha anafunga chombo kwa kamba karibu na ufuko, anawaachisha kazi wanamaji, na anabaki na nyumba inayoelea. Tangu siku hiyo, ziwa limepoteza chombo kimoja. Familia itakayokimbia usiku itakiona kiko pale, kina taa, na hakiwezi kwenda popote.

Kuna mfano mzuri wa chombo kizee, hauko mbali. Kwenye Ziwa Tanganyika kuna meli Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, wakati wa vita kuu ya kwanza, Wajerumani wenyewe waliizamisha isishikwe na adui. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina jipya. Mwaka 2015, maelfu ya Warundi walipokimbia na kukwama Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji, Liemba ndiyo iliyowapeleka Kigoma, safari baada ya safari. Kama ingekuwa imetolewa moteri na kugeuzwa baa ya ufukweni, isingewasaidia kitu. Chombo kizee kinaweza kupewa kazi mpya bila kunyang'anywa uwezo wa kusafiri.

Basi sharti la kwanza liwe hili: hoteli ya majini ibaki na moteri inayofanya kazi, nahodha anayelijua ziwa, na jile za kuokoa maisha kupita hesabu ya vitanda. Jile hizo zisifungiwe kwenye sanduku zikingoja mgeni mwenye kamera. Mtumishi wa jikoni naye awe na yake. Na siku ya hatari, mwenye hoteli akubali kutoa chombo kivushe watu, kwa kipimo chake, bila kuzidisha.

Sharti la pili ni mwili wa mashua. Mashua ya uvuvi imejengwa kubeba uzito chini, mahali samaki na nyavu vinakaa. Ukiweka vyumba juu, uzito unapanda, na upepo unapata ukuta wa kusukuma. Wageni wote wakikimbilia upande mmoja kuangalia machweo, chombo kinalala. Mbao iliyooza ikipakwa rangi inabaki mbao iliyooza. Fundi anayezijua mashua apime kwanza, seremala wa vitanda aje baadaye. Na wakubwa wanaosimamia safari za ziwani wapande wakague kweli, wasiishie kupokea taksi na kutia muhuri.

Sharti la tatu halipendezi kutajwa mezani, lakini ni kubwa: choo. Maji ya Ziwa Kivu yanachotwa na kunywewa, hasa na familia zilizohamishwa na vita ambazo hazina bomba. Goma haijasahau Julai 1994, kipindupindu kilipoua makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Hoteli inayomwaga choo chake ziwani inamuuzia mgeni uzuri na kumpa mtoto wa kambini ugonjwa. Chombo kiwe na tanki, na uchafu upelekwe nchi kavu.

La mwisho ni watu. Sambaza waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, na tangu hapo wavuvi wamejifunza ziwa hili usiku, pirogi tatu zikiwa zimeunganishwa kwa miti mirefu, taa zikivuta samaki, nyimbo zikiwaweka macho. Wanajua upepo unaanzia wapi. Hao ndio wawe wanamaji wa kwanza wa hoteli. Wanawake waliohama na wanaokaa karibu na bandari wanajua kupika. Wapewe kazi kabla ya kutafuta mpishi wa mbali. Na pale chombo kinapofungwa pasigeuzwe uwanja wa mtu mmoja, mvuvi akafukuzwa mahali alipozoea kushushia samaki.

Wenye mashua watasema masharti haya ni ghali. Ni kweli. Lakini jibu la ughali ni kupunguza vyumba. Vyumba vinne vyenye moteri, tanki na jile ni bora kuliko kumi vilivyofungwa kamba. Asiyeweza peke yake aungane na wenzake, kama wavuvi wanavyounganisha pirogi tatu kwa sababu moja haitoshi.

Watalii watakuja amani ikija, nao wakaribishwe vizuri. Lakini familia zinazoishi kandokando ya ziwa hazingojei watalii ili zihitaji chombo. Zilikihitaji mwaka 2021, zikakihitaji mwaka 2024. Hoteli itakayojengwa huku mwenyewe akikumbuka hivyo, wakaazi watailinda kama mali yao.