MPENZI WA MUZIKI: Santuri za Babu na Simu ya Mjukuu

 Natumaini mikorosho yenu inaendelea vizuri, na uraka haujawazuia kwenda shamba.

Mwezi huu nina ugomvi. Si ugomvi wa mpaka wa shamba, wala wa foleni ya maji. Ni ugomvi wa nyimbo. Nimegombana na mjukuu wangu.

Mjukuu huyu anasoma Mtwara. Amekuja Newala kwa likizo. Amekuja na simu, na ndani ya simu mna nyimbo zaidi ya mia nne. Siku ya pili alinikuta nimepiga magoti, navuta sanduku langu kutoka uvunguni.

Akauliza, "Babu, sahani hizi ni za nini?"

"Hizo ni santuri, mjukuu wangu. Ndani yake mna nyimbo."

"Zinapigwaje?"

"Kwa gramafoni. Ile pale juu ya kabati. Lakini sindano yake ilivunjika."

"Ilivunjika lini?"

Nilihesabu kwa vidole. Ilivunjika kabla baba yake hajaoa.

Akacheka. Akasema, "Sasa babu, kila siku unasema nyimbo zako zinashinda zetu. Hujazisikia miaka yote hiyo. Unajuaje kama bado ni nzuri?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Ndiyo sababu naandika.

REDIO CHINI YA MKOROSHO

Kwanza niwaeleze vijana jinsi nyimbo zilivyofika huku kwetu. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Vijiji vingi vilikuwa na vikundi vya kusoma na kusikiliza redio. Sisi tulikaa chini ya mkorosho mkubwa. Tulisikiliza somo la malaria na somo la vyoo. Somo likiisha, kiongozi wetu hakuizima redio. Alijifanya amesahau. Muziki ukaanza, na hakuna aliyeondoka. Basi mimi nilijifunza kuchimba choo na kumpenda Marijani Rajab kwa redio ile ile moja.

Betri tuliziita mawe. Mawe yakichoka tuliyaanika juani mchana kutwa. Jioni yalipata nguvu kidogo, kiasi cha nyimbo tano au sita. Kama nyimbo hizo zilikuwa mbaya, siku yako imeharibika.

Msimu wa korosho fedha ikiingia, wengine walinunua baiskeli. Wengine walinunua mabati. Mimi nilinunua gramafoni na santuri, na marehemu mama yangu alilia. Alisema nimenunua kelele.

Santuri zile ndogo zilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulipiga dakika chache tu. Nyimbo za dansi zilikuwa ndefu, kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati. Upande wa kwanza ulikuwa na mashairi. Gitaa lilipoanza kuchanganya, santuri iliisha. Ulikimbia, ukaigeuza, ukaweka sindano upya, ndipo ukapata utamu wenyewe. Wachezaji walisimama na kungoja katikati ya uwanja. Hakuna aliyelalamika. Tulidhani ndivyo nyimbo zilivyo.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Nyingi zilitoka Nairobi. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Santuri zikawa adimu. Bendi zikarekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikakaa kwenye kanda za redio. Kuzisikia ilikuwa lazima usubiri redio izipige.

BINGWA NI NANI?

Sasa nitoe maoni yangu. Najua baadhi yenu mtaniandikia kwa hasira. Karibuni.

Watu wa rika langu wengi husema bingwa ni Mbaraka Mwinshehe. Siwalaumu. Mbaraka alipata jina akiwa na Morogoro Jazz. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani, kwenye maonyesho makubwa ya Osaka, kuiwakilisha nchi. Mwaka 1973 akaanzisha bendi yake, Super Volcano. Alikufa kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979. Hakuwa hata na miaka 35. Gitaa lake lilisema. Ukisikiliza wimbo wake uitwao Shida, gitaa linajibizana na mwimbaji kama watu wawili barazani. Katika gitaa sijaona wa kumshinda.

Lakini bingwa wangu ni Marijani Rajab.

Sababu yangu ni moja. Marijani alisimulia. Alianza kujulikana na Safari Trippers, kisha akaongoza Dar International. Sikiliza Masudi, habari ya kijana aliyegeuka jambazi. Sikiliza Zuwena. Kila neno unalisikia. Hakumeza maneno, wala hakuyaficha nyuma ya ngoma. Mimi wakati ule nilikuwa najifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Nilikuwa naandika maneno ya Marijani kwenye daftari langu, neno kwa neno, kama imla. Mwalimu alidhani nafanya kazi aliyotupa. Niliyajua maandishi ya nyimbo zake kabla sijaweza kuandika barua. Huyo ni mwalimu wangu, na nikimpendelea msinishangae.

Marijani alifariki mwaka 1995. Jabali la Muziki, watu walimwita. Mwishoni alikuwa na kibanda cha kuuza kanda hapo Dar es Salaam.

Wapo wanaobishana Msondo na Sikinde kama wanavyobishana Simba na Yanga. Msondo ni mtindo wa bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Baadaye iliitwa JUWATA, kisha OTTU. Sikinde ni mtindo wa Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978. Mimi sina ugomvi hapo. Nikiwa na huzuni nataka Sikinde. Nikiwa na fedha nataka Msondo. Muhidin Gurumo aliimba kote kuwili, basi nani atanilaumu? Sauti ya Hassan Rehani Bitchuka ni nzuri mno, ila ilikuwa ikipanda juu hadi redio yangu inakoroma. Labda kosa lilikuwa la mawe.

Huyo mzee Gurumo aliimba zaidi ya miaka 50. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013, watu walijua kwamba hana gari. Kijana Diamond Platnumz ndiye aliyempa gari. Mwaka uliofuata, Aprili 2014, mzee akafariki. Nilipoisikia habari ya gari lile nilifurahi, kisha nikaona aibu. Nitaeleza aibu hiyo inatoka wapi.

KONDE BOY

Mjukuu wangu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Babu, umemaliza? Sasa msikie wetu."

Akapiga wimbo wa Harmonize. Jina lake hasa ni Rajab Abdul Kahali. Amezaliwa mwaka 1994 mkoani kwetu Mtwara. Alikuwa na kampuni ya Wasafi ya Diamond. Mwaka 2018 waliimba pamoja Kwangwaru, wimbo uliovuma sana. Mwaka 2019 akatoka, akaanzisha kampuni yake, Konde Music Worldwide. Machi 2020 akatoa albamu yake ya kwanza, Afro East. Albamu ni nyimbo nyingi zinazotolewa pamoja, kama vile gunia moja la korosho kutoka shamba moja. Humo ameimba na Lady Jaydee wa hapa nchini, na Burna Boy wa Nigeria, na wengine.

Tuliisikiliza yote siku mbili. Maoni yangu ni haya. Sauti anayo. Mdundo ni mzuri, hata mguu wangu mbovu ulitikisika. Lakini maneno ni machache, na anayarudia mno. Kiingereza kinaingia kama mbuzi kwenye shamba la mihogo, bila hodi. Gunia lina korosho nzuri, ila zimechanganywa na za daraja la pili. Kama ningekuwa mpangaji, ningeondoa nyimbo sita.

Mjukuu akaniuliza, "Babu, sindimba ina maneno mangapi?"

Nilinyamaza. Sindimba ni ngoma yetu. Baada ya uhuru wachezaji wa ngoma za taifa waliicheza hadi nchi nzima ikaijua. Mimi nimeicheza usiku kucha kwa maneno manne, na hayo manne yanarudiwa mpaka jogoo awike. Hapo kijana alinishinda, nakiri mbele yenu.

Ila kuna jambo jingine katika huyu Harmonize, nalo si la sauti wala la mdundo. Ni jina. Anajiita Konde Boy. Wafuasi wake wanajiita Konde Gang. Mjukuu wangu ana fulana imeandikwa hivyo kifuani.

Mwaka 1978 nilikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Nikapata kazi ya ulinzi. Wakati ule kuitwa Mmakonde mjini hakukuwa sifa. Lilikuwa neno la kuchekea watu. Walitucheka lafudhi, walitucheka chale, walisema sisi kazi yetu ni kulinda milango ya wenzetu. Nikajifunza kusema kwamba natoka Lindi. Nikajifunza kupunguza lafudhi.

Mwaka wa pili mama yangu alikuja kunitembelea. Safari wakati ule ilikuwa ya siku nyingi, maana daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Alifika amechoka, amebeba korosho za kubangua na unga wa muhogo. Mama yangu alikuwa na chale uso mzima, na ndonya kwenye mdomo wa juu, kama wanawake wa rika lake. Nilimpokea stendi. Kisha nikampitisha vichochoro vya nyuma hadi chumbani kwangu, ili wenzangu wa kazini wasimwone. Alikaa siku tisa. Siku zote tisa sikumpeleka popote. Hakuuliza kwa nini. Jioni tulisikiliza redio. Ile redio aliyoiita kelele, ndiyo tuliyosikiliza pamoja.

Sasa kijana wa Mtwara anasimama jukwaani mbele ya maelfu ya watu, anatamka Konde, na maelfu wanaitikia Konde, na wengi wao si Wamakonde. Mjukuu haelewi kwa nini nilitoka nje. Nilimwambia moshi wa jikoni umeniingia machoni.

Kwa hiyo, Ndugu Harmonize, kama gazeti hili litakufikia: punguza Kiingereza, ongeza maneno, tutilie ngoma za kwetu zaidi. Lakini jina usilibadili.

WIMBO MZIMA

Siku ya mwisho ya likizo mjukuu alikuja barazani. Akasema, "Babu, taja wimbo wako mmoja." Nikataja Shida. Akabonyeza simu, akatafuta, na gitaa la Mbaraka likatoka hapo hapo kwenye kile kidude kidogo kama kipande cha sabuni.

Nilisikiliza. Mashairi yakaisha. Gitaa likaanza kuchanganya. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe, kwenda kuigeuza santuri. Nimekaa barazani nimenyoosha mkono hewani, na wimbo haukukatika. Uliendelea moja kwa moja. Nina zaidi ya miaka 70, na wimbo huo nimeununua tangu ujana, lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kuusikia mzima.

Nilimjibu lile swali lake. Ndiyo, bado ni mzuri.

Kisha mimi nikamwuliza, "Wimbo huu umeununua kwa shilingi ngapi?"

Akasema, "Sijanunua, babu. Rafiki yangu kanirushia."

"Na zile mia nne?"

"Hizo pia."

"Basi anayelipwa ni nani?"

Akanyamaza, kama nilivyonyamaza mimi kwenye sindimba. Nilifungua mdomo nimkemee. Nilitaka kumweleza kwamba nchi yetu ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na ipo COSOTA ya kusimamia haki hizo. Nilitaka kumtajia Gurumo na lile gari. Kisha nikakumbuka sanduku langu. Chini ya santuri mna kanda 11. Nyimbo zote za kwenye kanda hizo nilirekodi redioni, au nilipeleka kanda tupu kwa muuza kanda akaninakilia za Marijani, za Mlimani, za kila mtu. Nilimlipa muuza kanda. Marijani hakuona hata senti yangu. Hiyo ndiyo aibu niliyoitaja.

Tulikaa kimya wote wawili, Mbaraka akaendelea kupiga.

Mjukuu amerudi shuleni. Kabla ya kuondoka aliniambia atatafuta sindano ya gramafoni huko Mtwara. Kama kuna msomaji wa Masasi au Newala mwenye sindano ya zamani asiyoitumia, amwandikie mhariri. Nitainunua kwa fedha taslimu.

Mwezi ujao nitaandika juu ya taarabu. Dada mmoja wa Kitangari amelalamika kwamba ukurasa huu ni wa wanaume watupu, na amesema kweli.